Kanieneo

Neno kanieneo, lililoungwa kwa kani na eneo, lina fadhila ambayo shinikizo, lililokwisha kutamalaki katika zahanati zetu, halina: hesabu imo ndani ya jina, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo. Fundi wa mabomba, akiwa na tangi ambalo maji yake yamesimama mita 10 juu ya bilula, huzidisha densiti ya maji, kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, kwa 9.81 ya mvutano wa dunia, kisha kwa kimo hicho, akapata paskali 98,100. Na upana wa tangi, ambao wenye nyumba huutukuza mno, hauongezi hata chembe. Maji yakipashwa moto hadi nyuzi 80 za Selisiasi, densiti hushuka hata kilo 972 hivi, na kanieneo nayo hupungua, maadamu kimo ni kile kile.