Mifumo ya mtiririko wa kazi: Jalada lako limekwama kwa nani?

Kutoka Mikumi hadi Kilosa mjini, yaliko makao makuu ya halmashauri, ni zaidi ya kilomita 60 kupitia Ulaya. (Ndiyo, kuna kata inaitwa Ulaya, na haihitaji viza.) Kwa miaka mingi mtu wa Mikumi mwenye shida ya ofisini aliijua vizuri barabara hiyo. Jalada lake lilikuwa Kilosa, na mara nyingi hakuna aliyeweza kumwambia limelala mezani kwa nani. Jibu lilikuwa njoo kesho.

Sehemu kubwa ya safari hizo sasa inafanywa na programu zinazoitwa mifumo ya mtiririko wa kazi. Jina huenda ni geni kwako, lakini kama umewahi kuomba leseni ya biashara kwa simu au kulipia huduma kwa control number, umeshazitumia.

Ni nini hasa?

Ni programu inayojua kazi fulani ina hatua ngapi, nani anafanya ipi, kwa masharti gani, na akimaliza iende kwa nani. Programu ya kuandikia barua inatunza waraka tu. Hii inausukuma.

Wazo lenyewe ni la zamani. Masijala ilifanya hivyohivyo kwa mikono: mhudumu anabeba jalada, afisa anaandika dokezo, anasaini, linapanda kwa mkuu wake. Tofauti ni kwamba mhudumu akiliacha mahali, ilibidi litafutwe chumba kwa chumba.

Kabla ya programu kuandikwa, kazi huchorwa kwanza. Uchoraji unaojulikana zaidi duniani unaitwa BPMN. Toleo lake la 2.0 lilitolewa mwaka 2011 na shirika la OMG la Marekani, na 2013 likawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Duara ni mwanzo au mwisho, mstatili ni kazi, almasi ni njia panda: imekubaliwa au imekataliwa? Kila ofisi inapewa mstari wake. Mshale unaovuka mstari, yaani kutoka ofisi moja kwenda nyingine, ndio wa kuutazama kwa makini, maana mambo mengi hukwama hapo.

Kuna programu za bure za kuchorea, kwa mfano Camunda Modeler ya Ujerumani na Bonita ya Ufaransa. Kwa ofisi ndogo, hata karatasi na kalamu vinatosha kuanzia.

Dawati moja, taasisi tano

Chukua mfano wa fundi seremala wa Mikumi anayetaka kutengeneza madawati ya shule ya msingi. Zamani ilitosha kujulikana na mwalimu mkuu na kamati ya shule. Siku hizi ununuzi wa umma unapita kwenye NeST, mfumo unaosimamiwa na PPRA, ulioanza kutumika Julai 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Fundi asiyejisajili humo, kwa upande wa zabuni, ni kama hayupo.

Anahitaji TIN kutoka TRA. Anahitaji leseni, ambayo anaiomba kwenye TAUSI, mfumo wa TAMISEMI, akitambuliwa kwa namba yake ya NIDA. Ada ikifika, anapewa control number inayotokana na GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza 2017 chini ya Wizara ya Fedha. Analipa kwa simu au benki na taarifa inarudi yenyewe ofisini. Viingilio vya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi navyo hulipwa kwa njia hiyohiyo.

Upande wa mnunuzi, hitaji linaingizwa, linaidhinishwa, linatangazwa, linatathminiwa, na kila anayelipitisha anaacha jina na saa. Fedha ya halmashauri ikilipwa, inapita kwenye MUSE, mfumo mwingine tena.

Kwa hiyo NIDA, TRA, TAMISEMI, Wizara ya Fedha na PPRA zote zimegusa dawati moja. Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) imetengeneza GovESB, mfumo unaokaa katikati ili mifumo ya taasisi iulizane taarifa bila mwananchi kubeba nakala.

Wapi panauma

Panauma kwenye majina. Karani wa masijala angeelewa kwamba Muhamedi na Mohamed ni mtu mmoja anayeishi mtaa wa pili. Mfumo hauelewi. Jina likiwa tofauti kati ya NIDA na TIN, ombi linagoma, na kurekebisha kunamrudisha mtu kwenye foleni alizoambiwa zimekwisha.

Panauma zaidi kwa fundi asiye na simu janja. Huyo anakwenda stationery, kijana wa pale anamfungulia akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe na kuweka nywila anayoijua yeye tu. Baada ya miezi sita kijana amehamia Morogoro, na fundi hawezi kuingia. Si jambo dogo: sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Fursa hiyo inamfikia yule anayeweza kuingia kwenye akaunti yake.

Je, ucheleweshaji umeisha? Hapana. Afisa asipoingia kwenye mfumo, ombi halisogei hata kama intaneti ina kasi ya ajabu. Na kama utaratibu wa karatasi ulikuwa na saini tisa, ukihamishwa ulivyo kwenye kompyuta utakuwa na nywila tisa. Kosa hili ni la kawaida mno, kwa Serikali na kwa kampuni binafsi: watu wananunua programu kabla ya kukaa na kuuliza saini ya nne ni ya nini.

Kilichobadilika ni kwamba kuchelewa sasa kuna anwani. Hata mwalimu au muuguzi anayeomba uhamisho kupitia ESS, mfumo wa watumishi wa umma, ana rekodi ya siku aliyotuma ombi. Barua iliyopotea njiani haikumwachia kitu.

Ukikwama, fanya hivi

Fungua akaunti kwa namba yako ya simu na barua pepe yako, hata kama unasaidiwa kujaza. Kabla ya kupanda gari kwenda Kilosa, ingia kwanza uangalie hali ya ombi. Kama liko kwa afisa biashara, muulize yeye na umtajie tarehe lilipomfikia. Kama control number imeisha muda, omba nyingine, usilipe ya zamani. Piga picha ya skrini.

Ikishindikana, malalamiko yanapokelewa kwenye e-Mrejesho, kwa intaneti au kwa kupiga *152*00# kwenye simu ya kawaida. Utapewa namba ya kufuatilia. Itunze.