Mpingo

Mpingo (jina la kisayansi: Dalbergia melanoxylon) ni mti wa jamii ya kunde unaotoa mbao nyeusi, nzito na ghali, inayotumika kwa ala za muziki na vinyago. Humea katika nyika na misitu ya miombo, kutoka Senegali hadi Ethiopia na kusini hadi Afrika Kusini. Mbao ya biashara hutoka hasa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Mti

Ni mti mdogo wenye miiba, ambao aghalabu haufiki mita 15. Shina hupinda na mara nyingi hugawanyika karibu na ardhi. Hukua polepole sana. Hukadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa.

Sifa za mbao

Chini ya gome kuna tabaka jembamba jeupe lenye umanjano, na ndani yake kiini cheusi chenye uzambarau. Kikikauka, kiini huwa na takriban kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, hivyo huzama majini. Nyuzi zake zimeshikamana na zina mafuta ya asili: husuguliwa kwa msasa zikang'aa bila vanishi, lakini hushika gundi kwa shida. Hukerezwa vizuri na kukubali hesi kama chuma, ila hufanya patasi na misumeno kuwa butu upesi. Mbao hukauka taratibu na hupasuka nchani, kwa hiyo ncha hupakwa nta mara baada ya kupasuliwa.

Matumizi

Klarineti, obo na zumari za Uskoti hutengenezwa kwa mpingo kwa sababu tundu la ala halibadiliki umbo kirahisi kwa unyevu wa pumzi. Kazi hiyo hudai vipande visivyo na ufa wala fundo. Kwa kuwa magogo mengi yamepinda au yameoza moyoni, sehemu kubwa hukataliwa. Wachongaji wa Kimakonde, kinyume chake, hutumia tezo kufuata umbo la gogo lenyewe, na huweza kuacha weupe wa nje uonekane.

Hifadhi

Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha uvunaji endelevu, na mapato ya magogo huingia katika mifuko ya vijiji.