Kipashajoto cha maji ya injini

nm. [ki-/vi-] (wingi: vipashajoto vya maji ya injini). Chombo kinachofungwa garini, chenye tanuri yake ndogo ya kuchoma petroli au dizeli, kinachoyapasha joto maji yanayozunguka ndani ya injini ili injini na chumba cha abiria vipate joto kabla gari halijawashwa.

Msomaji wa Mombasa au Mwanza anaweza kumaliza miaka yake yote ya udereva bila kukiona chombo hiki, maana huko shida ya dereva ni kuipoza injini, si kuipasha. Kwao ni Ujerumani, nchi za Skandinavia, Urusi na Kanada, mahali ambapo gari lililolala nje huamka na jalidi kwenye kioo cha mbele na mafuta mazito kama asali ndani ya injini. Jina lake la Kiswahili linahitajika kwa sababu wasemaji wa Kiswahili nao wanaishi huko na kuendesha magari huko, na kwa sababu kijitabu cha maelekezo kikitafsiriwa vibaya, kosa lake si la mtihani tu. Chombo hiki huwaka moto wa kweli, na hutoa moshi wa kweli, injini ikiwa imezimwa kabisa.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kwa nje ni kisanduku cha kubebwa kwa mkono mmoja. Pampu ndogo huvuta petroli kutoka tangi la gari na kuipima kidogo kidogo. Anayesimama karibu huisikia ikigonga, tik, tik, tik. Feni husukuma hewa ndani ya chumba cha mwako, kipande cha kuwashia hupata moto kwa umeme wa betri, na petroli huwaka. Mwali haukutani na maji: joto hupenya ukuta wa chuma na kuyafikia upande wa pili. Pampu nyingine huyazungusha maji hayo ndani ya injini na katika rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Yakishapata joto la kutosha, feni ya chumba cha abiria huanza kupuliza. Moshi hutoka kwa bomba lake chombo, chini ya gari, wala si kwa bomba la injini.

Vya magari madogo huwa na nguvu ya kilowati 4 au 5 hivi. Kikiwaka kwa nguvu zote, hunywa zaidi ya nusu lita ya petroli kwa saa, na hula umeme wa betri pia. Ndiyo maana mwenye safari fupi fupi anaweza kujikuta na gari lenye joto na betri iliyokufa.

Kisichanganywe na hita ya kawaida ya gari. Hita ya kawaida haichomi kitu. Huazima joto ambalo injini imekwisha kulitoa, hivyo injini ikiwa imezimwa haina cha kuazima. Kanuni Na. 122 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu mifumo ya joto katika magari, hutofautisha vivyo hivyo kati ya joto la ziada la injini na joto linalotokana na kuchoma mafuta. Tena, anayetafsiri maandishi ya zamani kuhusu Volkswagen Beetle au Zaporozhets ya Ukraine asilitumie jina hili: magari hayo yaliweza kuwa na vipashajoto vya petroli, lakini injini zake zilipozwa kwa hewa, hazikuwa na maji ya kupashwa. Hivyo ni vipashajoto vya hewa.

Chemsha, pasha, tia moto

Wanafunzi wengi huanza na kitenzi chemsha, kwa kuwa maji huchemshwa. Hapa kitenzi hicho ni kibaya sana. Katika Kiswahili cha mafundi, gari limechemsha maana yake injini imezidiwa na joto, na dereva amesimama kando ya barabara boneti ikiwa wazi. “Chombo cha kuchemsha maji ya rejeta” ni, kwa sikio la dereva, chombo cha kuharibu gari. Isitoshe, maji haya hayachemki: hupashwa tu, na chombo hupunguza mwali au kujizima kabla hayajafika huko.

Neno moto lina hatari zaidi, kwa sababu linafanya kazi tatu kuzunguka gari moja. Kutia gari moto ni kuwasha injini. Gari kushika moto ni kuungua. Kupasha kitu moto ni kukiongeza joto, kama chakula cha jana au misuli ya mchezaji kabla ya mechi. Sasa mfasiri anaandika: “Tia injini moto kwa dakika 20 kabla ya safari.” Alikusudia kipashajoto kifanye kazi huku injini imelala, msomaji ataiwasha injini na kuiacha inguruma. Maana imepinduka, na kila neno ni sahihi.

Pendekezo letu ni kugawa kazi. Joto litumike kwa kile kinachoingia katika maji, injini na chumba cha abiria: pasha joto, pata joto. Moto na mwali viachiwe kile kinachowaka ndani ya tanuri ya chombo. Kuwasha na kuzima vitumike kwa injini na kwa kipashajoto, ila kila mara yaonekane ni kipi kinachowashwa. Na hapo ndipo ngeli inapoingia.

Kwa nini si “hita”

Hita ni neno zuri, fupi, limo kamusini, na katika mazungumzo hatuna ugomvi nalo. Ugumu wake ni kwamba limo katika ngeli ya [i-/zi-], pamoja na injini, pampu, feni na betri. Soma sentensi hii:

“Hita ikishapasha injini joto, izime.”

Izime nini? Hita au injini? Sarufi haisemi. Badili nomino moja tu:

“Kipashajoto kikishapasha injini joto, kizime.”

Sasa haiwezekani kukosea. Ki- ni kipashajoto, i- ni injini, na ukilitaja gari lenyewe utapata li-. Lugha nyingi hulazimika kurudia nomino ili kuondoa utata wa namna hii. Kiswahili kinaumaliza kwa silabi moja, na ni hasara kuitupa silabi hiyo katika maandishi yanayohusu moto. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kipashajoto katika maelekezo yote yaliyoandikwa, hata kama mfasiri mwenyewe husema hita nyumbani kwake.

Maji, kipozeo, au maji ya rejeta?

Kimiminika chenyewe kina jina la kitaalamu, kipozeo, yaani kitu cha kupozea. Baadhi ya walimu huona aibu kuandika kipashajoto cha kipozeo, kama kwamba wamejipinga. Hawajajipinga. Kimiminika kile kile huondoa joto injini inapokuwa na joto kupita kiasi, na hulipeleka joto mahali linapohitajika asubuhi ya baridi. Jina limetokana na kazi yake kubwa, si kazi yake yote. (Tahadhari ya tahajia: ni kipozeo, kutokana na poza. Pooza hutumika pia kwa maana ya kupunguza joto, lakini hubeba maana ya viungo kukosa nguvu, na injini iliyopooza si injini inayopoa.)

Kasoro ya kipozeo ni nyingine. Neno hilo nalo ni la [ki-/vi-], kwa hiyo kipashajoto cha kipozeo kinachotumia petroli kinatuachia swali: ni kipi kinachotumia petroli? Na kipozeo cha petroli ni jambo ambalo hakuna anayelitaka garini mwake. Tukisema kipashajoto cha maji ya injini kinachotumia petroli, kirejeshi kina- hakiwezi kushika maji, ambayo yangetaka yana-, wala injini. Kinarudi kwa mwenyewe.

Mafundi wengi wangesema maji ya rejeta, na wataeleweka. Lakini injini ikiwa baridi, kidhibiti joto chake huwa kimeifunga njia ya kwenda rejeta kubwa ya mbele, kwa hiyo maji yanayopashwa na chombo hiki ndiyo hasa yasiyopita huko. Maji ya injini ni sahihi zaidi na hayapotezi wepesi.

Linabaki neno maji. Kwenye joto la tropiki dereva huweza kujaza maji ya bomba na akafika salama. Kwenye baridi ya Winnipeg maji matupu huganda, hutanuka na kupasua chuma. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda, kwa kawaida ethilini glaikoli (ambayo ni sumu ikinywewa), na huvumilia hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri za Selsiasi. Basi mara ya kwanza neno linapotajwa, ongeza maelezo: “maji ya injini, yaani mchanganyiko wa maji na dawa ya kuzuia kuganda.” Na mahali kijitabu kinapoagiza kuongeza kimiminika, acha maji kabisa, andika kipozeo.

Petroli ni mafuta gani?

Tanzania na Kenya swali hili halizuki. Mashariki mwa Kongo huzuka, kwa sababu huko msamiati wa mafuta umepitia Kifaransa: kinachoendesha gari dogo ni esansi, dizeli ni mazutu, na neno linalofanana na petroli ni la mafuta ya taa. Mtu wa Bukavu anayeishi ughaibuni akisoma kwamba chombo kinatumia petroli, huenda akafikiria kibatari. Vipashajoto vya petroli na vya dizeli havibadilishani mafuta, na mafuta ya taa si petroli. Kijitabu kinachokusudiwa wasomaji wa nchi zote kiseme wazi: “petroli (esansi), si mafuta ya taa.” Neno mafuta peke yake lisitumike kwa kitu hiki, katika kijitabu hicho hicho yamo pia mafuta ya kulainishia injini.

Onyo na tafsiri yake

Maonyo ya chombo hiki yana maneno mawili yanayoteleza. La kwanza ni gereji. Katika nchi zenye baridi, onyo hulenga chumba cha kuegeshea gari kilichoungana na nyumba. Kwetu gereji ni kwa fundi. Anayesoma “usikiwashe ndani ya gereji” ataona onyo halimhusu, maana gari lake halipo kwa fundi, lipo chini ya chumba anacholala mtoto. Andika chumba au banda la kuegeshea gari, na uongeze lililofungwa.

La pili ni gesi yenyewe. Mwako usiokamilika hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu na huua kwa kuizuia damu isibebe oksijeni. Baadhi ya tafsiri huandika hewa ukaa. Hilo ni kosa: hewa ukaa, katika matumizi yaliyozoeleka sasa, ni dioksidi ya kaboni, ile inayozungumzwa katika habari za tabianchi na ambayo kila mtu huitoa anapopumua. Nani ataiogopa? Kuandika moshi peke yake nako hakutoshi, kwa sababu moshi huonekana, na msomaji atangoja auone. Kama kijitabu ni cha watu wasio na mazoea ya kemia, taja jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi. Wengi wamesikia habari za waliolala nalo wasiamke, na gesi ni ile ile.

Neno dogo la mwisho ni kuzima. Mtu akibonyeza kitufe, chombo hakinyamazi papo hapo. Feni yake huendelea kwa muda ili tanuri ipoe. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa jambo hilo, zima kwa kitendo cha mtu na zimika kwa kile kinachotokea chomboni, na vyote viwili vinahitajika.

Mfano wa matumizi

“Usikiwashe kipashajoto gari likiwa ndani ya chumba au banda la kuegeshea gari lililofungwa, hata kwa dakika chache, hata kama injini imezimwa. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka, inayoweza kuua. Kizime kabla ya kuingia kituo cha kutilia petroli (esansi). Ukishakizima, subiri kizimike. Usiukate umeme wa betri kabla feni yake haijanyamaza.”