Ng'amba, Chazo na Mnunuzi

Wengi wanaoshughulika na hifadhi ya bahari huamini kwamba mvuvi huharibu kwa kutojua, na kwamba akifundishwa habari za kasa na matumbawe ataacha. Historia ya biashara ya magamba ya ng'amba katika mwambao wa Afrika Mashariki haikubaliani nao. Ng'amba ni yule kasa mwenye mdomo uliochongoka kama wa ndege, na magamba yake yanayopandana yalitengenezewa vitana, vikasha na mapambo. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, inayataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za bandari ya Rhapta, na kuyasifu kuwa bora yakitanguliwa na ya India tu. Inaeleza pia kisiwa cha Menouthias, ambako watu walitega kasa kwa matenga kwenye milango ya maji. Hayo yalifanyika takriban miaka 2,000 iliyopita, na matenga hayo hayategwi na mtu asiyejua kasa hupita wapi na maji yakiwaje.

Ujuzi huo ulifikia kilele katika uvuvi wa chazo, samaki mwenye kinyonyeo kichwani ambaye hujigandisha kwenye miili ya papa na kasa. Mvuvi alimfunga chazo kamba mkiani, akamwachia karibu na kasa, naye akiisha kuganda kamba ikavutwa taratibu. Frederic Holmwood, aliyekuwa afisa wa ubalozi wa Uingereza Unguja, aliuandikia uvuvi huu makala ya kisayansi mwaka 1884. Wavuvi wenyewe walikuwa wameujua kitambo. Kumwita asiyejua mtu anayemtuma samaki kumkamata kasa ni kumkosea heshima, tena ni kukosea utambuzi wa tatizo.

Lililoamua hatima ya ng'amba lilikuwa soko. Kasa huyu hukomaa akiwa na miaka 20 hivi au zaidi, kwa hiyo kila mkubwa anayevuliwa huacha pengo lisilozibika upesi. Mkataba wa CITES ulikuwa umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya ng'amba kufikia mwaka 1977, lakini Japani, mnunuzi mkubwa wa magamba hayo, iliendelea kuyaagiza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Muda wote huo hakuna somo lililotolewa ufukweni ambalo lingeweza kushindana na bei.

Itasemwa kwamba, ikiwa ni hivyo, kufunga soko kunatosha. Hakutoshi. Jarife, wavu unaotegewa papa, humnasa kasa pia na kumzamisha, kwa kuwa lazima apande juu kuvuta hewa. Mayai yake bado huchimbuliwa, na fukwe anakotagia zinajengwa. Hifadhi za Malindi na Watamu tangu 1968, na ya Mafia tangu 1995, zimeziba sehemu ya pengo ambalo kufunga soko hakulizibi, na katika kazi hiyo hasa ndipo elimu ya mvuvi inapohitajika, maana yeye ndiye ajuaye msimu na mahali pa kutagia. Basi anayekwenda kijijini kufundisha habari za kasa aanze kwa kumuuliza mvuvi anachokijua, kisha wazungumze juu ya jarife, na nani atakayelipa likiondolewa majini.