Mwanafunzi Akizidiwa, Nani Anajua? Somo la Virginia Tech



Kila tukisikia habari ya risasi kwenye chuo kule Marekani, swali ni lile lile: hivi hakuna aliyeona dalili? Kwa Virginia Tech jibu ni kwamba waliona, tena wengi. Ripoti ya tume iliyoundwa na gavana wa jimbo la Virginia, Tim Kaine, ilitoka Agosti 2007 na bado inafaa kusomwa. Kwa kuwa ni ndefu na iko kwa Kiingereza, nimeona niweke hapa yale ya muhimu: nini kilitokea, vyuo vikabadilisha nini, na sisi tunaokaa hosteli tufanye nini.

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumatatu, 16 Aprili 2007, mjini Blacksburg. Saa 1 na robo asubuhi hivi, watu 2 walipigwa risasi bwenini. Polisi wakadhani ni ugomvi wa wapenzi na kwamba mhusika keshatoka nje ya chuo. Barua pepe ya kwanza kwa wanafunzi ilitumwa saa 3:26, yaani zaidi ya saa mbili baadaye. Kama robo saa baada ya hapo muuaji yule yule, naye mwanafunzi, alikuwa ndani ya jengo la madarasa la Norris Hall. Humo aliua watu 30, kisha akajiua. Waliouawa jumla ni 32. Jina lake sitaliandika.

Nani alijua nini

Hapa ndipo penye somo. Hebu hesabu nami:

- Walimu. Mwaka 2005 mshairi Nikki Giovanni, aliyekuwa akimfundisha, alitaka aondolewe darasani kwake kwa sababu wenzake walikuwa wanamwogopa. Mkuu wa Idara ya Kiingereza, Lucinda Roy, akaamua kumfundisha peke yake, na akatoa taarifa kwa ofisi kadhaa za chuo.
- Polisi wa chuo. Wasichana walilalamika kwamba anawasumbua kwa meseji. Polisi wakamwonya.
- Wenzake wa bwenini. Mmoja alitoa taarifa kwamba jamaa anazungumzia kujiua.
- Mahakama. Desemba 2005 iliamuriwa kwamba apate matibabu bila kulazwa.
- Kituo cha ushauri nasaha cha chuo. Alifika siku hiyo hiyo ya amri. Hakurudi tena, wala hakuna aliyemfuata kuuliza.
- Wazazi. Walikuwa wamemhangaikia tangu utotoni, na shule yake ya zamani ilimpangia msaada. Chuo hakikujua hayo, na wazazi nao hawakuambiwa yanayotokea chuoni.

Kwa hiyo kila mtu alikuwa na kipande chake. Kilichokosekana ni mahali pa kuviunganisha. Kamati ya chuo ya kushughulikia wanafunzi wenye matatizo ilikuwapo, ila tume ilisema haikufanya kazi inavyotakiwa. Wengine walinyamaza wakiogopa sheria ya faragha ya wanafunzi ya mwaka 1974, inayoitwa FERPA. Kumbe sheria hiyo inaruhusu kutoa taarifa maisha yakiwa hatarini, na haimzuii mwalimu kusimulia alichokiona kwa macho yake.

Halafu kuna silaha. Amri ile ya matibabu haikupelekwa kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kununua bunduki. Mapema mwaka 2007 akanunua bastola mbili, kama mteja mwingine yeyote.

Vyuo vilibadilisha nini

Kwanza, timu ya pamoja. Tangu 2008 sheria ya Virginia inakitaka kila chuo cha umma kiwe na timu ya kutathmini vitisho. Ndani yake wamo polisi, mtaalamu wa afya ya akili na ofisi ya wanafunzi, na vyuo vingi nje ya jimbo hilo navyo vinazo. Mwalimu akiona jambo, anapeleka huko. Timu inakusanya vipande vyote na kuamua: pengine mwanafunzi anahitaji mshauri tu, pengine likizo ya masomo, pengine familia iitwe. Kukamatwa ni kwa pale penye hatari ya kweli.

Pili, onyo la haraka. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 iliyopewa jina la Jeanne Clery, msichana wa miaka 19 aliyeuawa chumbani kwake katika Chuo Kikuu cha Lehigh mwaka 1986. Inavilazimisha vyuo kutangaza takwimu zao za uhalifu na kuwatahadharisha wanafunzi. Mwaka 2008 ikaongezewa sharti la kutoa tangazo mara tu hatari inapothibitishwa. Mwaka 2011 Wizara ya Elimu ya Marekani iliipiga Virginia Tech faini ya dola 55,000 kwa sababu ya kuchelewa kule. Baada ya rufaa na mvutano ikapunguzwa.

Tatu, siri yenye mpaka. Unachomwambia mshauri nasaha kinabaki kwake. Mpaka ni pale maisha yako au ya mwenzako yanapokuwa hatarini kweli. Mshauri mzuri anakueleza hivyo kabla hujafungua mdomo.

Lakini tusidanganyane, timu si mwarobaini. Novemba 2022 wanafunzi 3 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Virginia, jimbo lile lile, na timu ya chuo ilikuwa imekwisha pata habari kwamba mhusika ana bunduki. Taarifa kufika mezani ni nusu ya kazi. Lazima mtu ainuke akaifanyie kazi.

Na huku kwetu?

Hatari zetu ni tofauti. Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa na al-Shabaab, watu waliotoka nje wakiwa na bunduki. Hapo dawa ni ulinzi. Ila hata ulinzi una namna yake: Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la shambulio la uongo. Watu wakaamini ni kweli, wakaruka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akafa.

Kwenye upande wa mwanafunzi aliyezidiwa, kikwazo kikubwa ni woga. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Fikiria, nani atasema "nimechoka kuishi" akijua atapelekwa polisi?

Nami nina langu. Mwaka wa kwanza, jamaa tuliyekaa naye chumba kimoja aliacha kwenda darasani. Mchana analala, usiku yu macho, chakula hataki. Tukambatiza jina, Popo, tukawa tunacheka. Siku moja tukakuta godoro limekunjwa, kaondoka. Baadaye sana ndiyo tukasikia kwamba alifiwa na mama yake mwanzo wa muhula. Chumbani tulikuwa wanne, na hakuna aliyemuuliza.

Hakumdhuru mtu. Wengi wenye matatizo ya akili hawamdhuru mtu yeyote, ndiyo maana kila aliyenyamaza asifanywe mshukiwa. Tunachoweza kufanya ni hiki:

1. Muulize mwenzako faragha, kwa utulivu. Ukihisi anafikiria kujiua, muulize wazi. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo.
2. Usiahidi siri ya namna hiyo. Mwambie, "Twende wote kwa mlezi wa wanafunzi," na umsindikize.
3. Akiwa na silaha, au ametaja siku na mtu, usimwache peke yake na mpango wake. Kama si salama kwako, ondoka hapo, kisha toa taarifa kwa walinzi au polisi mara moja.
4. Andika ulichoona na tarehe. "Ana tabia ya ajabu" haisaidii kitu. "Hajala tangu Jumatatu" inasaidia.
5. Jua leo ofisi ya ushauri nasaha ya chuo chako iko wapi na inafunguliwa saa ngapi. Siku ya shida hutakuwa na muda wa kuitafuta.

Kama chuoni kwenu ofisi hiyo ipo, tuambie hapo chini inafanyaje kazi. Kama ni chumba kilichofungwa kwa kufuli mwaka mzima, tuambie pia.