Kiwanda na Nyumba: Historia ya Maneno ya Ukaguzi wa Biashara katika Nchi ya Newala

Mkunya ni kata ya wilaya ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kusini ya Tanzania. Huko, kama katika sehemu nyingi za uwanda huo, biashara nyingi hazina mlango wa duka. Korosho hubanguliwa uani, maandazi hukaangwa barazani, nguo hushonwa ukumbini, na uraka wa mabibo hutengenezwa nyuma ya jiko. Makala hii yakusudia kueleza jinsi sheria za leseni na ukaguzi zilivyozifikia kazi za namna hiyo tangu mwaka 1926, na hasa jinsi zilivyofika kwa lugha mbili: sheria kuu kwa Kiingereza, na amri za mahali kwa Kiswahili. Baina ya lugha hizo mbili biashara ya nyumbani ilikosa jina lake, na kazi isiyo na jina katika sheria ni vigumu kulindwa na sheria hiyo.

Wamakonde wa zamani hawakuwa na sultani mmoja. Kila mkulungwa aliwaangalia watu wa nchi yake ndogo, na mambo ya jirani na jirani yaliamuliwa karibu na mahali yalipotokea. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyotungwa wakati wa Gavana Donald Cameron, ilitaka pawe na mkubwa wa kutoa amri, hata katika nchi ambayo haikumzoea mkubwa wa namna hiyo. Miongoni mwa mambo aliyoruhusiwa kuyatolea amri ni utengenezaji wa pombe, kuchafua maji, na kuwasha moto porini. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Amri zilitangazwa barazani kwa Kiswahili. Kwa hiyo tangu mwanzo mwananchi aliisikia sheria kwa kinywa cha mtu mwingine, na mtumishi aliyekuja kukagua ndiye aliyekuwa mfasiri wake.

Maneno yaliyotumika yafaa kuangaliwa moja moja. Kukagua ni neno la Kibantu, na maana yake ya asili ni kutazama kwa makini ili kujua hali ya kitu: mtu hukagua shamba lake, mkubwa hukagua askari wake. Halina ndani yake habari ya malipo wala ya kosa. Ruhusa limetoka katika Kiarabu, na huko rukhsa ni hiyo hiyo hati ambayo Waingereza waliiita laisensi. Basi Kiswahili kilikuwa tayari na neno la kufaa. Walakini neno lililoshika ni leseni, na sababu si ngumu kuiona. Ruhusa hutolewa na mtu kwa mtu, tena aghalabu bila fedha. Leseni ni karatasi inayolipiwa. Pamoja nayo likaja faini. Maneno haya mawili yalipozoeleka kusikiwa pamoja na ukaguzi, maana ya ukaguzi nayo ikageuka katika masikio ya watu: mkaguzi akawa mtu wa kuuliza karatasi, si mtu wa kutazama moto na moshi.

Neno la pili lenye historia nzito ni kiwanda. Katika Kiswahili cha zamani kiwanda ni ndugu wa kiwanja: mahali palipo wazi ambapo fundi hufanya kazi yake, aghalabu karibu na nyumba. Mhunzi alikuwa na kiwanda, na hakuwa na mashine hata moja. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya mwaka 1950, iliyofuata mfano wa sheria za Uingereza, ilitumia neno la Kiingereza lenye maana ya jengo la waajiriwa na mitambo. Na tafsiri ya Kiswahili ikawa kiwanda. Toka hapo neno lilipunguzwa upana wake. Ua wa nyumba, ambao zamani ungeitwa kiwanda bila shida, ukatoka nje ya neno, na pamoja na kutoka huko ukatoka nje ya macho ya mkaguzi.

Matokeo yake yaonekana wazi katika habari ya korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na likichomwa hutoa moshi unaokereketa macho na kifua. Serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, kingi cha kazi hiyo kikifanyika katika miaka ya 1970, na Newala nayo ikapata kiwanda. Vingi vya viwanda hivyo vilisimama baadaye. Ubanguaji wa mikono majumbani haukusimama. Mafuta ni yale yale na moshi ni ule ule; lakini palipokuwa na kiwanda palikuwa na sheria ya kumlinda mfanyakazi, na palipokuwa na ua palikuwa na mama na watoto wake tu.

Habari ya pombe ni kinyume cha hiyo. Hapa nyumba ilionekana, lakini ilionekana kama mahali pa kosa. Watu wa kusini hutofautisha uraka, ambao ni maji ya mabibo yaliyochachuka, na nipa, ambayo ni uraka uliokenekwa kwa moto. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria juu ya utengenezaji wa pombe ya kukenekwa, na watungaji wake, ingawa waliandika kwa Kiingereza, waliichukua jina la Kiswahili, moshi, wakaliweka katika kichwa cha sheria. Ni ajabu ya kutafakari kwamba neno la Kiswahili la kazi ya nyumbani lilipata kuingia katika sheria kuu kama jina la kitu kisichoruhusiwa bila leseni. Na kitu kilichokatazwa hakikaguliwi; hukamatwa tu. Hatari ya mtungi unaochemka chini ya paa la nyasi haikupata mtu wa kuishauri.

Baada ya uhuru mahakama za mwanzo, zilizowekwa na sheria ya mwaka 1963, zilisikiliza kesi kwa Kiswahili. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka huo huo halmashauri za wilaya zilivunjwa. Zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, nazo zikapewa tena uwezo wa kutunga sheria ndogo. Katikati, mwaka 1976, Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi nchini ili nafasi yao ishikwe na maduka ya ushirika. Mlango wa duka ukifungwa, haja ya chumvi na sabuni haifungwi nao, na nyumba ndiyo mahali palipo karibu zaidi pa kuuzia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliiondoa ile ya 1950 na kupanua maana kutoka kiwanda hadi mahali pa kazi. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini usalama ni neno linalobeba maana mbili: kuepukana na ajali, na kulindwa na adui. Newala inapakana na Msumbiji kwa mto Ruvuma, na vita vya ukombozi vya mwaka 1964 hadi 1974 vilipiganwa ng'ambo ya pili. Katika nchi kama hiyo, anayetangaza ukaguzi wa usalama hana budi kueleza ni usalama gani.

Mwishoni mwa mwaka 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Viliwapunguzia wengi usumbufu. Walakini kitambulisho kilimtambulisha mtu, si mahali. Hakikusema neno juu ya jiko, mafuta wala moshi.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa kazi ya tafsiri inayotokana na badiliko hilo, historia ya Newala ina mafunzo matatu. Kiwanda kirudishiwe upana wake wa zamani, au patafutwe neno jingine litakaloutaja ua wa nyumba waziwazi. Ukaguzi utenganishwe na ukusanyaji wa fedha, katika maneno ya sheria na katika mtu anayetumwa. Na usalama wa kazi uandikwe kwa ukamilifu kila mara, ili mbanguaji wa Mkunya akisomewa sheria ndogo ajue kwamba inahusu mikono yake na kifua chake.