Vita ya virusi Magu: Ulinzi wa kompyuta ulioachiwa mafundi wa vibandani

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha marekebisho ya kawaida ya usalama kwa kompyuta zinazotumia Windows 10. Tangazo hilo halikupigiwa kelele sana hapa nchini, lakini kwa mji kama Magu, kilometa 60 hivi kutoka jijini Mwanza kwenye barabara kuu iendayo Musoma, lina uzito wake. Kompyuta nyingi za majumbani na za stesheneri zetu ni za mtumba. Zilimaliza zamu yake maofisini ughaibuni, zikapita Dubai au Kariakoo, ndipo zikaletwa Kanda ya Ziwa. Ili zipande hadi Windows 11 zinatakiwa ziwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, iwe ya kizazi cha nane au zaidi. Laptopu ya mwaka 2015 haivuki hapo, hata kama inawaka bila shida yoyote.

Wanaojua namna ya kujiandikisha wanaweza kupata marekebisho ya mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Ila huko Kahangara, Kabila au Ng'haya, anayejua ni nani? Ni fundi. Ni yule kijana mwenye kibanda, bisibisi na flashi mbili tatu, anayepiga windo (yaani kusakinisha Windows), anayeokoa picha za harusi na anayetoa virusi. Yeye ndiye amezilinda kompyuta za wilaya hii tangu zilipoanza kuingia nyumbani, wala hakuna aliyemfundisha kazi hiyo.

Nchi iliyozuia kompyuta

Aliyetuachia maelezo mazuri ya mwanzo wa kompyuta Tanzania ni Klodwig Mgaya wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1994 na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa pamoja na ripoti za Ireland, Ethiopia na Nigeria. Anaeleza kuwa kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine kubwa zaidi, ICT 1900, na jaribio hilo likaiumiza. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, kazi ikakwama, fedha zikapotea. Mwaka 1974 ikatoka amri ya forodha iliyozuia kuingizwa kwa kompyuta na pia televisheni. Aliyetaka kompyuta alilazimika kuomba kibali maalumu.

Mgaya analipa jambo hilo nafasi kubwa, na nakubaliana naye. Amri ile haikukosa sababu, kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa adimu na machungu ya Wizara ya Fedha yalikuwa bado mabichi. Lakini pamoja na mashine, amri ilizuia watu wa kuzijua mashine. Nchi nyingine zilikuwa zikilea kizazi cha kwanza cha vijana wanaofungua kompyuta na kuchungulia ndani yake. Kizazi hicho kwetu kilichelewa kuzaliwa. Masharti yalipolegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980 na kompyuta za mezani zikaanza kuingia, nyingi zikipitia miradi ya wafadhili, zilikuta maofisi yenye wachapaji hodari lakini yasiyo na mtu wa kuuliza kwa nini mashine imekuwa nzito.

Wakati huohuo virusi vya PC navyo vikazaliwa. Januari 1986 ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika Brain, kinachohesabiwa kuwa kirusi cha kwanza cha kompyuta za PC. Walisema walitaka kuwabaini watu waliokuwa wakinakili programu yao ya kitabibu bila kulipa, na ndani ya kirusi waliandika majina yao, anuani ya duka na namba za simu. Kilisafiri kwenye flopi hadi Marekani na Ulaya. Mwaka uliofuata John McAfee alianzisha kampuni yake ya antivirusi huko California. Mwaka 1988 Pavel Baudiš wa Prague aliandika programu ya kukiondoa kirusi cha Vienna, nayo ndiyo iliyozaa Avast, jina ambalo miaka ishirini baadaye lingekuwa la kawaida katika stesheneri za Mwanza.

Magu nayo haikuwa nje ya dunia hiyo. Tangu mwaka 1994 Kisesa, ndani ya wilaya hii, imekuwa makao ya utafiti mkubwa wa VVU unaosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza, ukifuatilia maelfu ya watu, kaya kwa kaya, mwaka hadi mwaka. Takwimu za kazi hiyo huishia kwenye kompyuta. Lakini hizo zilikuwa mashine za taasisi, zenye wataalamu wake. Mwalimu au mfanyabiashara wa Magu mjini alikuwa bado hajaigusa ya kwake. Hata kirusi maarufu cha ILOVEYOU, kilichotokea Ufilipino Mei 4, 2000 na kuangusha barua pepe za dunia nzima, kilimpita bila kumgusa.

Miaka ya flashi

Adui wa Magu hakuja kwa intaneti. Flopi zilipokufa na flashi kushika nafasi yake katikati ya miaka ya 2000, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) aliandika ripoti kwenye kompyuta ya stesheneri moja kule Malimbe, akaiprinti stesheneri nyingine, kisha Ijumaa akapanda basi kurudi nyumbani Magu. Jumamosi flashi ileile ilichomekwa kwenye kompyuta ya shemeji ili iwekewe nyimbo, na Jumatatu ikarudi Mwanza. Barabara ya Musoma ndiyo ilikuwa mtandao wetu, na virusi vilipanda basi pamoja na abiria.

Kilichovirahisishia kazi ni tabia moja ya Windows XP iitwayo AutoRun. Flashi ilipochomekwa, windo ilitafuta humo faili dogo liitwalo autorun.inf na kutii lilichosema. Tabia hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili CD ya programu ijifungue yenyewe. Waandishi wa virusi wakaona mlango wazi. Kirusi kilijinakili kwenye flashi, kikaandika autorun.inf yake, kikajificha. Mwenye kompyuta hakuhitaji kubonyeza kitu cha ajabu; kuchomeka flashi tu, au kubofya mara mbili alama yake, kulitosha.

Kisha vikaja virusi vya shotikati, ambavyo hakuna mwenye kompyuta wa wakati ule aliyevisahau. Unafungua flashi unakuta folda zote zimegeuka shotikati ndogo zenye mshale. Kila ukibofya, unakiwasha kirusi upya. Wengi waliamini kazi yao imefutika, wakafomati flashi na kuipoteza kweli. Kumbe mafaili yalikuwepo muda wote, yamefichwa tu kwa kubadilishiwa sifa. Fundi aliyelijua hilo alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika attrib na herufi chache baada yake, na folda zikajitokeza moja baada ya nyingine mbele ya macho ya mwenye nazo. Nimewahi kuona watu wazima wakishika vichwa kwa furaha kwa ajili ya amri hiyo. Haikufundishwa darasani; ilipokezanwa kutoka kibanda hadi kibanda.

Ndipo ukaanza ugomvi. Mteja analalamika stesheneri imemharibia flashi, mwenye stesheneri anasema flashi ya mteja ndiyo imeleta. Kila mmoja ana ushahidi, na wote wawili mara nyingi walikuwa sahihi, kwa kuwa kompyuta moja yenye kirusi iligusa kila flashi ya siku nzima, na kila flashi ikaenda kutafuta kompyuta yake. Wenye busara waliweka sharti kwamba flashi ya mgeni haifunguliwi kabla haijaskaniwa. Wengine walitenga kompyuta moja mbovumbovu kwa ajili ya flashi za wateja, na kompyuta ya kazi za ofisi wakaikataza isiguswe. Wahandisi wa benki hulipwa fedha nyingi kubuni utenganisho kama huo. Hapa kwetu uliamuliwa na wachapaji wenyewe, kwa uchungu wa kupoteza kazi za watu.

Mkubwa wa virusi vya kizazi hicho alikuwa Conficker, aliyeonekana Novemba 2008. Alipitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba mwezi mmoja kabla, na toleo lake lililofuata likaongeza njia ya flashi. Kirusi hicho kiliingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani, kikazuia kufunguliwa kwa tovuti za kampuni za antivirusi, na Februari 2009 Microsoft ikaahidi dola 250,000 kwa atakayesaidia kuwakamata waliokitengeneza. Miaka miwili baadaye, Februari 2011, kampuni hiyo ilisambaza sasisho la kuzima AutoRun ya flashi kwenye XP na Vista.

Hapo ndipo penye kiini cha historia yetu. Dawa ilipatikana, lakini ilitumwa kwa njia ya intaneti, na kompyuta nyingi za nyumbani Magu hazikuwa na intaneti. Zilizounganishwa kwa modemu zililipia kila megabaiti. Tena windo zenyewe zilikuwa za kuchakachua, kwa hiyo masasisho yalizimwa makusudi, mtu akiogopa skrini isije ikageuka nyeusi na kumwambia kuwa windo yake si halali. Hapa siwatetei mafundi. Windo ya kuchakachua na vifunguo vyake vya kupakua ovyo vilikuwa mara nyingi ndio mlango wa virusi na programu za kijasusi, na walioziuza walijua. Lakini mshahara wa mwalimu na bei ya leseni halali havikuwa na mazungumzo.

Antivirusi zilikuwa na shida ileile. Avast na AVG, zote zilizoanzia Jamhuri ya Cheki na zote zikiwa na matoleo ya bure, zilitambua kirusi hasa kwa orodha, na orodha ya miezi sita iliyopita haikijui kirusi cha jana. Fundi mwenye bidii alipokwenda Mwanza alipitia kafe ya intaneti, akapakua faili la masasisho, akarudi nalo kwenye flashi na kulizungusha kwa wateja wake. Programu nyingine iliyopendwa ni Smadav ya Indonesia, iliyoandikwa na Zainuddin Nafarin: ndogo, nyepesi, na imelenga flashi. Haishangazi kwamba iliyotufaa ilitoka nchi yenye visiwa vingi na intaneti ya shida.

Programu za kijasusi zilitambulika pole pole zaidi, kwa sababu haziharibu chochote kinachoonekana. Huingia zimejificha ndani ya programu ya bure, hubadilisha ukurasa wa mwanzo, hufuata unachotazama au unachochapa. Duniani zilipigwa vita na Ad-Aware na Spybot, kisha Desemba 2004 Microsoft ikainunua kampuni ya GIANT na mwaka 2006 ikatoa Windows Defender. Huku kwetu nyingi zilidhaniwa kuwa ni uzee wa mashine. Dawa ya fundi ikawa moja kwa magonjwa yote, kufomati na kupiga windo upya.

Historia hii nayo inastahili kutunzwa. Kisesa hiyohiyo ndiko yaliko Makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yanayotunza ngoma na viti vya watemi wa Usukuma. Ningetamani mtu akusanye pia madaftari ya mafundi hawa, yenye amri zilizoandikwa kwa kalamu, majina ya virusi na namba za simu za wateja, kabla hayajatumika kuwashia jiko.

Sheria, kisha simu

Julai 2009 mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, na Mkongo wa Taifa ukaileta kasi yake hadi Kanda ya Ziwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa Aprili 2015 na kuanza kutumika Septemba 1 mwaka huo. Ndani yake kuingilia kompyuta ya mtu na kuharibu data zake ni kosa la jinai. Lakini mjadala wote ulimezwa na kifungu cha 16, kuhusu taarifa za uongo, na waliokiogopa walikuwa na sababu nzito. Hata hivyo mwenye kompyuta yenye kirusi hakupata nafasi katika mjadala huo. Kitengo cha usalama wa mtandao cha TZ-CERT, kilichoundwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), hutoa tahadhari nzuri, nyingi kwa Kiingereza cha kitaalamu, na fundi wa Nyanguge hana habari nazo. Hilo ni kosa la kurekebishwa kwa gharama ndogo. Uzito wa tahadhari kama hizo ulionekana Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu duniani na kudai fidia: tundu kililolitumia lilikuwa limezibwa miezi miwili kabla, na waliozima masasisho ndio waliobaki wazi.

Siku hizi kompyuta ya nyumbani ni simu, na jasusi huja kwa sura ya mkopo wa haraka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Malalamiko makubwa dhidi ya mikopo ya aina hiyo ni kwamba programu husoma orodha ya majina kwenye simu, na mkopaji akichelewa, ndugu na wakwe hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Fundi anayeletewa simu kama hiyo huiondoa programu na kufunga ruhusa zake za majina, ujumbe na picha. Majina yaliyokwisha kunakiliwa hayamo tena kwenye simu, hivyo hana la kuyafanya. Kwa hayo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mwenye taarifa haki ya kudai zifutwe, na Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo hupokea malalamiko ya mwananchi yeyote, wa Magu akiwamo.